Ndama wa Mnanaa

Kwa watu wa upande wa baba yangu, kitu kisicho na pembe si mali. Unaweza kuwa na cherehani, baiskeli, kitanda cha chuma na meno yote mdomoni, lakini mtu akiuliza, "Huyo naye ana nini?" watachungulia zizini kwako, wasione kitu, wasikitike kwa ajili yako, halafu wakuazime hiyo baiskeli.

Mama yangu alikuwa na mnanaa. Pimeni wenyewe alivyoonekana.

Nawaambia mapema, asije mtu akadhani hapa anasoma habari za bustani: mambo haya yaliishia kwa watu wazima kukaa kwenye vigoda, wakiamua kama mimi nitaondoka na mama yangu au nitabaki kwa baba mkubwa. Mnanaa uliitwa kikaoni kama shahidi. Na kama mashahidi wengi, uliumia kuliko mshitakiwa.

Mama alikuja nao kutoka Tabora siku alipoolewa, tawi moja limeviringishwa kitambaa chenye maji, ndani ya sanduku la nguo. Hilo nimesimuliwa, mimi wakati huo nilikuwa bado kwa Mungu nangoja zamu. Niliyoyaona kwa macho ni ya Geita, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, ambako baba alikuwa anachimba dhahabu ya watu wengine. Chini ya upenu wetu makopo yalijipanga kama watoto wa shule wanaongoja kukaguliwa kucha. Palikuwa na debe la mafuta ya taa lililokatwa katikati, makopo ya samli, na chungu kimoja kilichopasuka mdomo ambacho mama hakutaka kukitupa kwa sababu, alisema, hata sisi hatujatupwa.

Kila kopo lilitobolewa chini kwa msumari. Udongo ulichanganywa na samadi, lakini samadi ya zamani, ile iliyokaa mpaka imesahau kuwa ilitoka kwa ng'ombe, ukiinusa haina harufu. Mama alikuwa mkali hapo. Samadi mbichi ina moto, alisema, itaunguza mizizi kama uji unavyounguza ulimi wa mlafi. Alikuwa ananitazama mimi aliposema mlafi.

Nilijifunza kuotesha kabla sijajifunza kusoma. Unachagua tawi changa lisilo na ua. Unakata chini ya kifundo, pale majani yanapotokea, kwa sababu mizizi inatokea hapo hapo. Unapukutisha majani ya chini, unaliweka kwenye glasi ya maji dirishani, jua lisilifikie moja kwa moja. Kisha unangoja. Mimi sikuwa mtu wa kungoja. Nilikuwa nalitoa kila asubuhi kuona kama limeota, mpaka mama akaniuliza kama nami nilitaka kutolewa kila asubuhi tumboni nikaangaliwa. Baada ya juma hivi, vinyuzi vyeupe vinaonekana, vyembamba kama ndevu za panya.

Hapo ndipo baba alipokuwa anafurahi. Baba alikuwa Msukuma wa zizini hasa. Alisilimu ili amwoe mama, akapewa jina jipya ambalo kaka yake alikataa katakata kulitamka, lakini moyo wake ulibaki na ng'ombe. Akitoka kazini, uso umejaa vumbi mpaka kope, kabla hata ya kunawa alikuwa anauliza:

"Ng'ombe wako wamekunywa maji?"

"Wamekunywa," mama anajibu.

"Na yule wa dirishani?"

"Amezaa."

"Amezaa!" Baba anaenda kuinama mbele ya glasi kama mtu anayechungulia chini ya ng'ombe. "Ndama mzuri. Jike."

"Tofauti na wako," mama anasema, "wangu wananukia."

Huo ulikuwa utani wao wa kila siku. Sikuwahi kuona watu wazima wakicheka jambo lile lile miaka yote bila kulichoka. Kisha chai inachemka, majani ya nanaa yanatupiwa mwishoni, harufu inatoka uwanjani, na wachimbaji wa kila kabila wanakumbuka ghafla kuwa hawajaja kutusalimia. Shikamoo nilizoamkia watu jioni zile zingetosha kumaliza mtu mdomo.

Shangazi, dada yake baba, alipokuja kutoka Shinyanga kututembelea, alikuta ile glasi dirishani. Alikuwa na kiu ya safari. Akayatoa yale matawi, akayaweka pembeni kwa adabu, akayanywa maji yote.

"Maji ya huku yana majani," alimwambia mama.

"Ndivyo yalivyo, shangazi," nikasema mimi. "Na ukiyanywa, ndama wanaota tumboni."

Shangazi hakulala. Mama alinifinya paja mpaka leo nikikaa vibaya nalikumbuka. Lakini nilimwona amegeukia ukuta, mabega yanacheka.

Basi. Halafu baba akaanza kukohoa.

Sitaeleza sana. Kilikuwa kikohozi cha kawaida, kisha kikawa kikohozi cha kila siku, kisha ikawa baba anakaa kitandani ameinama mbele kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Mama alimpa chai ya nanaa, alimfunika shuka juu ya sufuria ya mvuke, nikisikia chini ya ile shuka sauti yake ikisema, "Ng'ombe hawa wananifukuza kwangu." Walipomwambia kazini kwamba kifua chake hakifai tena, akasema turudi kwao. Kwao ni upande wa Ibadakuli, huko Shinyanga, kwa kaka yake, baba yangu mkubwa, ambako ndiko zizi liliko.

Tulikwenda kwa lori, kisha kwa treni. Baba amelala kwenye benchi, mama amekishika kichwa chake, mimi nimepakata debe la mnanaa na makopo mengine yako chini ya miguu yangu. Mzee mmoja kwenye behewa aliniuliza ninapeleka wapi mboga. Nikamwambia hospitali, zinaumwa. Akanisogezea nafasi.

Kule nyumbani maji yalikuwa mbali na uwanja ulikuwa unafagiwa mpaka unang'aa. Kwa watu wale uwanja mtupu ndio heshima; jani likiota mbele ya mlango ni aibu kama kamasi. Mama akayapanga makopo yake nyuma ya nyumba tuliyopewa, penye kivuli cha alasiri. Mnanaa haukupenda. Ulianza kupauka, majani ya chini yakawa ya njano, ncha zikasinyaa. Mama alikuwa anabana maji ya kunawa ayatie humo, na shangazi alikuwa anasema kwa sauti ya kusikika kwamba huko Tabora watu wanaogesha majani wakati ndama wana kiu.

Baba alikuwa anakaa nje kwenye ngozi, mgongo ukutani, akiyaona yote. Asubuhi moja mama alikwenda kisimani, mimi nikiwa naye. Tuliporudi tulimkuta amesimama. Muda mrefu hatukuwa tumemwona amesimama. Mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka viwikoni, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto, na uso wake umefurahi, jamani, umefurahi kama wa bwana harusi.

Alikuwa amekwenda zizini mwenyewe, kwa miguu yake, akachota mavi ya ng'ombe ya asubuhi ile, mabichi, bado yana mvuke, akaja akayajaza kila kopo mpaka mdomoni. Akayashindilia vizuri kwa kidole gumba.

"Nimewalisha," alisema. "Walikuwa wamekonda."

Nilifungua mdomo. Mama alinikanyaga mguu.

"Ahsante, mume wangu," alisema. "Watanenepa."

Hakuyatoa. Hilo ndilo lililonitia wazimu wakati ule. Nilimwambia usiku, niyatoe? Akasema, "Atakuwa anaangalia." Na kweli alikuwa anaangalia, kila asubuhi alikuwa anageuza shingo. Mnanaa ukaungua kopo baada ya kopo, majani yakawa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Mama akamwambia ni jua. Baba akasema jua la mwaka huu ni baya sana. Akafa siku chache baadaye, akiamini hivyo.

Kilichobaki kilikuwa tawi moja kwenye glasi, dirishani ndani, ambalo mama alikuwa amelikata kabla. Siku ya mazishi nyumba ilijaa watu, na kila aliyeingia aliisogeza ile glasi ili apate pa kuegemea. Mimi kazi yangu katika msiba wa baba yangu ilikuwa kuirudisha mahali pake. Nashukuru nilikuwa na kazi.

Mama akakaa eda. Kwa dini yake alikuwa hatoki, hajipambi, yuko ndani. Kwa hiyo mnanaa ukawa wangu. Tawi likatoa mizizi. Nikamwaga yale mavi yaliyokuwa yamekauka, nikaosha makopo, nikatafuta samadi ya chini kabisa kwenye rundo la zamani nyuma ya zizi, ile iliyosahau. Nikapanda. Tawi liliposhika nikalikata ncha ligawanyike, zile ncha nikazitia majini, nazo zikazaa, nikazipanda. Nilikuwa namwambia mama dirishani, "Amezaa," na mama anasema kutoka gizani, "Jike?" na utani unaishia hapo kwa sababu mwenyewe hayupo.

Eda ilipokwisha, makopo yote yalikuwa yamejaa. Na watu wa ukoo walikuwa wamejaa uwanjani.

Walikaa kwenye vigoda kwenye kivuli cha boma la zizi, baba mkubwa katikati. Baba mkubwa si mtu mbaya, hilo niliseme ingawa linanikera kulisema. Ni mrefu, mkimya, anajua ng'ombe wake kwa sauti ya kikohozi. Mama alikaa chini kwenye mkeka, amejitanda kaniki, mimi nyuma yake. Shangazi alikuwa pembeni, hakualikwa, lakini nani angemtoa.

"Mke wetu," baba mkubwa akaanza, "umekaa eda, tumeiheshimu dini yako. Sasa tuseme ya kwetu. Nyumba ipo. Mimi nipo."

Alikuwa anasema atamrithi. Alilisema kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali pa kulala.

"Shemeji," mama alisema, "nakuheshimu kama kaka wa marehemu. Naomba niendelee kukuheshimu hivyo hivyo. Mimi nitarudi Tabora."

Wazee wakaguna. Si kwa hasira. Waliguna kama mtu anayesikia mvua imepita bila kunyesha.

"Basi hatumfungi mtu kamba," baba mkubwa akasema. "Aondoke na alichokuja nacho."

"Nilikuja na sanduku na mnanaa. Nitaondoka na sanduku, na mnanaa, na mwanangu."

"Mtoto ana ng'ombe wake."

Maana yake ng'ombe walikwisha kwenda Tabora zamani, mahari, na ng'ombe wakienda, tumbo lote ni la huku. Tena mimi ni wa kike. Siku moja nami nitaletewa ng'ombe, na hao wataingia zizi lile tulilokaa kivulini mwake. Nililitazama lile boma. Lilikuwa na nafasi.

Ni shangazi aliyejibu, na hakuwa ameulizwa.

"Hata huo mnanaa, ni mnanaa gani?" alisema. "Ule aliokuja nao si ulikufa? Wote tuliona kaka alivyoulisha, ukafa. Hii ya sasa imezaliwa hapa."

Shangazi alikuwa anayataka makopo. Debe zuri halipatikani hivi hivi, na yeye alikuwa anapika pombe. Lakini wazee, maskini, walikuwa wamechoka na habari ya mjane na mtoto, habari nzito isiyo na raha. Mnanaa uliwafungua nyuso.

"Imezaliwa wapi?" mzee mmoja, babu yangu wa ukoo, akauliza.

"Kwenye dirisha la nyumba ile."

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima chetu."

"Na samadi?"

"Ya ng'ombe wetu hawa."

"Aa," akasema babu, ameegemea fimbo yake. "Basi hao ni ndama wa hapa."

Wakacheka. Wakaanza kubishana kwa raha kabisa: mmoja anasema mwenye jike ndiye mwenye ndama, mwingine anasema jike alikwisha kufa, mwingine anauliza dume lilikuwa nani. "Dume ni samadi!" akasema mmoja, wakapiga mapaja. Utani wa baba yangu, ule wa jioni za Geita, niliuona unapita mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuunusa ule mmea. Nilikuwa sijawahi kuchukia kicheko kabla ya siku ile. Kicheko ndiyo kazi yangu.

Nikanyoosha mkono kama darasani.

"Babu, naomba kuuliza."

"Mtoto wa kike haulizi kikaoni."

"Basi siulizi. Naongea peke yangu, ila nina sauti kubwa."

Mama alinivuta khanga. Babu alikuwa anatabasamu. Kwa babu na mjukuu utani ni haki, hata kikaoni. "Haya, ongea peke yako."

"Wale ng'ombe waliopelekwa Tabora, huko walizaa?"

"Walizaa. Ng'ombe wetu hawana ugumba."

"Ndama wao ni wa nani?"

"Wa huko. Ndama humfuata mama yake. Hata mtoto mdogo anajua."

"Ahsante, babu," nikasema, nikasimama, nikajifuta vumbi. "Ngoja nikafunge mzigo."

Walicheka mpaka mzee mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda. Hata baba mkubwa alicheka, na yeye hucheka kwa nadra, akicheka hufunika macho. Nilisimama pale, nikadhani nimeshinda. Nilikuwa na umri wa kudhani kwamba mtu akicheka na wewe amekubaliana na wewe.

Baba mkubwa akashusha mkono usoni.

"Ndama humfuata mama," alisema pole pole. "Mtoto huwafuata ng'ombe. Kaa chini, ng'wanone."

Ng'wanone, mwanangu. Nikakaa.

Ndipo mama aliposema. Sauti yake haikuwa ya Tabora tena, ilikuwa ndogo. "Shemeji, chukueni mnanaa wote na makopo yake. Niachieni mtoto."

"Makopo ni ya marehemu, mke wetu. Tayari ni yetu."

Alikuwa hana cha kutoa. Kila alichokitazama katika uwanja ule kilikuwa tayari chao, na mimi nimo. Babu akaona aibu kidogo, nadhani, kwa sababu alikohoa akasema, "Lakini mwanamke asirudi kwao mikono mitupu. Alikuja na tawi moja, aondoke na tawi moja." Wote wakasema hapo babu amesema. Wakaridhika sana. Waliondoka wakisifiana kwa haki waliyoitenda.

Shangazi hakungoja kesho. Jioni ile ile alichukua kopo moja moja, akalipiga tako kwenye jiwe, mnanaa ukatoka mzima, udongo na mizizi umeshika umbo la kopo kama ugali uliopinduliwa. Nilimwomba. Nilimwambia shangazi, niachie udongo tu, wewe chukua bati. Akasema uwanja si jaa, akaitupia yote ndani ya boma. Ng'ombe walikuwa wanarudi. Waliingia wakakanyaga, na zizi zima, kutoka mlangoni mpaka mwisho, likanuka nanaa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sanduku lake.

"Haya," alisema. "Leo wananukia."

Hatukucheka.

Nilimsindikiza stesheni ya Shinyanga. Hilo walinikubalia, shangazi akiwa nyuma yetu kuhakikisha nitarudi. Tawi lake moja lilikuwa kwenye kitambaa chenye maji, kama alivyokuja. Treni ilipoingia alilifunua, akalitazama, akalikata katikati kwa ukucha wa kidole gumba, akanipa kipande cha chini, kile chenye nguvu.

"Chini ya kifundo," alisema. "Si juu."

"Najua, mama."

"Najua unajua. Nasema tu nipate la kusema."

Mwalimu wetu wa Kiswahili angependa hapa niandike kwamba mimi nami nilikuwa tawi lililokatwa kutoka kwa mama yake. Sitaandika. Tawi likikatwa linatoa mizizi. Mimi nilitoa kamasi.

Kipande changu kilishika. Nilikipanda kwenye kile chungu kilichopasuka mdomo, kwa sababu ndicho pekee ambacho shangazi hakukitaka. Nikakiweka mahali pale pale nyuma ya nyumba. Kisha shule ikafunguliwa. Niko shule ya bweni ya wamisionari, na baba mkubwa ananiacha nisome kwa sababu mwalimu mmoja alimwambia msichana aliyesoma huolewa na mtu wa maana. Mwalimu alimaanisha mtu mwenye kazi ya kalamu. Baba mkubwa alisikia pembe. Kila mmoja akaridhika, na mimi nikapata daftari.

Nilitaka kwenda na chungu. Mwalimu wa bweni akasema bweni si shamba. Basi nikamwendea baba mkubwa zizini, nikapiga goti vizuri kabisa, bila mzaha.

"Baba mkubwa, chungu changu. Maji tu. Jioni, kidogo. Usiongeze kitu kingine."

Alinitazama kwa mshangao wa upole. "Ng'wanone, mimi nafuga tangu sijaota ndevu."

Niliporudi likizo hakunipokea mlangoni kama kawaida. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa na haraka. Alitaka nione. Chungu kilikuwa kimejaa mavi ya ng'ombe mpaka mdomoni, yamekauka na kupasuka, yameshindiliwa vizuri, na juu yake alama ya kidole gumba. Katikati kilikuwa kijiti cheusi.

"Ulikuwa umekonda," alisema. "Nikaulisha. Nadhani ni jua."

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, tangu kwenye lori, nina maneno yangu ya kumwumiza. Lakini alama ile ya kidole gumba ilikuwa ile ile. Kama mngeniwekea vyungu viwili, cha baba na cha kaka yake, mkaniambia nichague kipi kilijazwa na aliyenipenda, nisingejua. Sijui mpaka sasa, na jambo hilo linaniuma kuliko kile kijiti.

"Ni jua, baba mkubwa," nikasema. "Jua la mwaka huu ni baya."

Wiki hiyo hiyo kijana wa jirani, anayefanya kazi ya kupakia mizigo kwenye treni, aliniletea kifurushi kutoka Tabora. Mama alikuwa amempa mkononi. Kitambaa nilikijua. Ndani yalikuwa matawi mazima, mengi, yamefungwa kwa uzi, yamekauka kama tumbaku.

"Hukulowesha kitambaa?"

"Nilidhani ni dawa," alisema. "Dawa ya watu hailoweshwi hovyo. Mama yako anasema lile tawi limejaza makopo huko. Anasema ukate chini ya kifundo."

Nilikata chini ya kifundo. Niliyatia karibu yote kwenye glasi ya maji, dirishani, na safari hii nilingoja kweli, sikuyatoa hata mara moja. Maji yakawa ya rangi ya chai. Mnanaa uliokauka hauoti, hilo nililijua kabla ya kusoma, lakini si kila unalolijua unalitii.

Kwa hiyo nikachemsha maji. Yale niliyokuwa nimeyabakiza makavu nikayafikicha, nikayatupia mwishoni, kama inavyotakiwa, na harufu ikatoka uwanjani. Baba mkubwa akaja kutoka zizini, pua mbele. Akakaa. Nikammiminia, maana adabu ninayo nikitaka. Akanywa, akanywa tena.

"Kumbe ndiyo hii," alisema.

Miaka yote hiyo, kikao na ndama na dume na samadi, na hakuwahi kuionja.

"Ndiyo hii, baba mkubwa."

"Ni nzuri." Alinyoosha kikombe. "Mwezi huu watakuja wageni. Watu wa heshima, wana zizi kubwa. Wanataka kukuangalia. Utawapikia hii hii."

Nilitazama ndani ya sufuria. Palikuwa na majani yaliyolegea, na mvuke kidogo.

"Imekwisha."

"Agiza Tabora."

"Nitaifuata mwenyewe," nikasema.

Akacheka, akafunika macho kwa mkono. Siku zote anasema mtoto huyu ana utani mwingi.